Kuku kwenye Harusi ya Renata

Norbert Kaczala, fundi makochi wa mtaa wa Lagrange huko Toledo, hakuwahi kumwamini mtu ambaye hajamwona akiketi. Mletee askofu, mletee meya, atampa mkono vizuri na kumuuliza habari za nyumbani, lakini macho yake yako kwenye kiti, yanasubiri. Mgeni akishaketi, Norbert hushusha pumzi, na hukumu imeshapita. Huyu kakaa pembeni kabisa mwa kiti, basi ana jambo anataka kuomba. Yule kajitupa kama gunia la viazi, mkewe ana kazi. Mwingine kakipangusa kiti kwa kiganja kabla ya kukikalia, na huyo usimwachie ufunguo wa duka. Ukimuuliza elimu hii kaipata wapi, atakwambia ni makochi. Tangu ujana wake amekuwa akiyafumua makochi ya watu na kuyaona mashimo waliyoyachimba kwa makalio yao, na anaapa kwamba shimo halidanganyi.

Ungedhani mtu kama huyo angetulia na sponji zake. Wapi. Aliipeleka elimu yote kwenye mpira.

Mpira wenyewe ni ule wao wa kubeba mikononi na kuangushana, na timu ni Nungunungu wa Toledo, timu ya kulipwa ambayo kwa miaka mingi imeupa mji huu sababu ya kunywa. Norbert, kama nusu ya watu wa nchi ile, alikuwa pia na timu yake mwenyewe ya kufikirika kwenye ligi ya ndugu na majirani. Kabla ya msimu mnakutana, kila mtu anachagua kwa zamu wachezaji wa kweli kutoka timu yoyote anayotaka. Msimu ukianza, mchezaji wako akifunga bao huko uwanjani, wewe uliyekaa nyumbani na bakuli la bisi unapata pointi. Kila wiki unapangiwa mwenzio mmoja mnakabana. Hakuna anayetoka jasho, ila watu wamenuniana mpaka Pasaka kwa ajili yake.

Ligi ilikuwa na makao yake kwenye gereji ya Chet Gorski. Chet ni kaka wa Dolores, mke wa Norbert, ni muuza matairi mwenye sauti ya kuuzia matairi, na amekuwa mwenyekiti wa kudumu kwa sababu gereji ni yake na jokofu lililomo ni lake. Ukutani pameningʼinizwa vazi la kuku. Ni la njano, zito, lina kishungi chekundu, mabawa mapana, na mkia wa waya uliotokeza nyuma kama mpini wa kikaango. Sheria ya ligi ni moja tu. Atakayeshika mkia mwisho wa msimu atalivaa vazi hilo kwenye shughuli ya kwanza ya familia ya mwaka mpya, kuanzia mlangoni mpaka keki ikatwe. Mwaka juzi Walt wa nyumba ya kona alilivaa kwenye ubatizo wa mjukuu wake, na padri, mzee asiyeona vizuri, akamnyunyizia maji na yeye.

Mwaka huu shughuli ya kwanza ilijulikana mapema. Renata, mtoto pekee wa Norbert, alikuwa anaolewa Januari.

"Baba, sikukatazi kucheza," Renata alimwambia jikoni, akiziba pierogi, vile vifuko vya unga vya kujazwa viazi, kwa ncha ya uma, moja moja, bila kumtazama. "Ila siku hiyo mlango wa kanisa ukifunguliwa nikaona kuku, nageuka. Naingia garini, narudi nyumbani nalala. Watu watakula wenyewe."

"Kwani nani kasema mimi ndiye nitakayeshika mkia?"

"Mwaka jana ulikuwa wa pili kutoka chini."

"Mwaka jana Nungunungu walikuwa na kocha mbovu."

"Baba, lini wamekuwa na kocha mzuri?"

Dolores, aliyekuwa akichuja viazi, akasema, "Mwache baba yako. Suti yake ya kijivu haijawahi kumpendeza. Huenda njano ikamkubali."

Norbert akacheka nao, lakini neno la Renata lilimwingia. Alikuwa anaijua sauti ile. Ndiyo sauti ambayo Renata aliitumia akiwa mdogo kusema hataki tena masomo ya kinanda, na mpaka leo kinanda kile kinafuga vumbi.

Bwana harusi aliitwa Terrell Banks, muuguzi, kijana mrefu, mpole, mtoto wa Bi Odessa Banks, mama wa kanisa mwenye kofia ambazo ukikaa nyuma yake humwoni mchungaji. Kijana hakuwa na kasoro ila moja. Hakai. Siku ya kwanza Renata anamleta nyumbani alimwonya garini kwamba baba atamtazama atakavyoketi, na tangu siku hiyo Terrell hakuyashusha makalio yake ndani ya nyumba ile. Aliegemea friji. Aliosha vyombo. Alikula chakula cha Krismasi amesimama na sahani mkononi, akidai amekaa sana kwenye gari, na wote walijua anaishi mitaa miwili tu kutoka hapo.

"Karibu kiti, kijana," Norbert alikuwa akimwambia.

"Asante, Mzee Kaczala. Sisi wauguzi tumezoea kusimama."

Norbert aliteseka. Binti yake wa pekee anaolewa na mtu asiyesomeka. Na mateso hayo yalikuwa na ushahidi pale kwenye karakana yake, kwa sababu zawadi ya harusi aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa kochi la watu wawili, na kochi la Norbert hutengenezwa kwa kumfuata mkaaji. Upande wa Renata ulikuwa umekamilika. Tangu chekechea Renata hukaa amekunja mguu mmoja chini yake, kwa hiyo sponji ilijazwa zaidi kushoto na kitambaa kikalegezwa kidogo pale goti linapopita. Upande wa Terrell ulikuwa springi tupu, zimekodoa.

"Sasa nijaze nini hapa?" alimlalamikia Dolores. "Mtu simjui makalio."

"Jaza sponji kama wanavyojaza mafundi wengine, Norbert. Jaza tu."

Lakini hakujaza.

Mwezi wa Agosti, Nungunungu walipoanza mazoezi ya wazi nje ya mji, Norbert alifunga karakana akaenda kuwapima wachezaji kwa ajili ya siku ya kuchagua. Alimbeba na mama yake. Familia nzima humwita Busia, ndivyo wanavyomwita bibi katika nyumba za Wapolandi wa Toledo, na msomaji wa Kenya anisamehe, si mji wa mpakani. Busia alikuwa amekula chumvi nyingi mno, na kazi yake kubwa siku hizi ilikuwa kulala. Alilala popote, kanisani, saluni, kwenye foleni ya posta, lakini alilala wima kama mlingoti. Kumwegemea mtu hakukubali, hata wanawe. Alisema binadamu wana mifupa.

Basi wawili hao wakaketi kando ya uzio, Busia na blanketi lake, Norbert na chupa ya kahawa na darubini. Watu waliowazunguka walipiga makofi kila mpira uliporushwa. Norbert hakuuona hata mmoja. Darubini yake ilikuwa kwenye benchi.

"Unamwona Threlkeld?" alimwambia mama yake. Marquis Threlkeld alikuwa mkimbiaji wao. "Nyayo zote mbili chini, mgongo umenyooka. Huyo anajua ataitwa. Na yule Fusilier, mdakaji, kaikalia kofia yake ya chuma. Mtu anayekalia chuma haogopi kitu."

"Na huyu anayekula?" Busia akauliza.

Anayekula alikuwa Brock Tillery, mrushaji mkuu, injini ya timu. Kila darubini ilipompitia alikuwa anatafuna, mara ndizi, mara mkate wenye nyama, mara kitu kilichofungwa kwenye karatasi ambacho hata Norbert hakukitambua.

"Anakaa vizuri," Norbert akasema. "Tumbo si kazi yangu."

Mwisho wa benchi alikuwapo Gil Haverty, mrushaji wa akiba, mtu mzima aliyekwisha kuzunguka timu nyingi. Huyo hakuwa ameketi, alikuwa amejimwaga. Tako moja lilikuwa hewani, miguu imepandana, kofia ya jua usoni. Norbert alishusha darubini kwa uchungu wa kweli, kama daktari aliyeona picha mbaya.

"Huyu," alisema, "ningekuwa kochi ningemtema."

Siku ya kuchagua ilifika, Jumamosi mchana, gereji imejaa moshi wa soseji na kelele za Chet. Mwaka huo Terrell naye alikuwamo, kuziba nafasi ya jirani aliyehamia Florida, amesimama kando ya jokofu na kompyuta yake juu ya mfuniko, imejaa takwimu. Wengine waliita majina ya wachezaji wakubwa wa miji mikubwa. Zamu ya Norbert ikaja.

"Threlkeld, Nungunungu."

Sawa. Zamu ya pili.

"Fusilier, Nungunungu."

Ya tatu, Tillery, Nungunungu. Ya nne, Nungunungu. Kufikia ya sita watu waliacha kutafuna. Walitazamana, wakamtazama Chet, na Chet akaweka kidole mdomoni, macho yanamwaga machozi ya furaha.

Terrell ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mzee, samahani. Kila timu ina wiki yake ya mapumziko katikati ya msimu, haichezi. Ukichukua wote wa timu moja, wiki hiyo hutakuwa na mtu hata mmoja uwanjani."

"Wakipumzika wao, na mimi nitapumzika," Norbert akajibu. "Umri wangu unaruhusu."

"Mwache, mwanangu," Chet akasema. "Shemeji anatumia sayansi."

Zamu ya mwisho kabisa Norbert alimchukua Gil Haverty. Hapo hata Chet alishangaa. "Shemeji, hata huyo anayelala? Si ungemchukua na mpishi wao kabisa."

"Nimechukua familia," Norbert akasema. "Huwezi kuchukua familia ukamwacha mjomba mlevi nje." Na hapo Chet alirudisha bia yake ndani ya jokofu, kwa sababu katika familia ile mjomba huyo alikuwa anajulikana.

Msimu ukaanza, na Nungunungu wakafanya kile ambacho hufanya. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa kwenye mvua. Threlkeld alikaa kwa adabu na kukimbia kwa adabu, mtu akimzuia anasimama. Fusilier, asiyeogopa chuma, alikuwa anaogopa mpira. Wiki ya mapumziko ilipofika Norbert alipata sifuri kavu, sifuri ya kwanza katika historia ya gereji, na Chet akapiga simu kumuuliza Dolores kama mumewe yu hai.

Kilichomwokoa kwa muda ni kwamba palikuwa na mtu mwenye hali mbaya kama yake. Terrell, pamoja na takwimu zake zote, alikuwa na mkosi wa majeraha. Wachezaji wake walianguka mmoja mmoja, goti, bega, kifundo cha mguu. Wenzake wote katika hali hiyo humtupa majeruhi na kumchukua mzima. Terrell hakuweza.

"Mtoe huyo," Chet alimfokea. "Ana mguu kwenye plasta mpaka Krismasi."

"Anaendelea vizuri lakini. Nimesoma ameanza kukanyaga."

"Banks, hii ni ligi, si wodi."

"Sasa nikimtupa, nani atamchukua?"

Gereji nzima ilicheka mpaka soseji zikaungua. Norbert naye alicheka, ila alipopitia karakana alijikuta anazitazama zile springi tupu za upande wa Terrell kwa muda mrefu.

Ikafika wiki ya mwisho ya msimu, na ratiba ya Chet, ambayo Chet anaapa hakuigusa, ikawapanga wawili wa chini kabisa wakabane. Norbert Kaczala na Terrell Banks. Atakayefungwa ndiye kuku.

Renata alikuja karakana jioni aliposikia. Alikaa upande wake wa kochi, mguu mmoja chini, na kwa mara ya kwanza kochi likafanya kazi yake. Hakufurahi.

"Kwa hiyo kuku yupo," alisema. "Kilichobaki ni kujua kama ananisindikiza au ananisubiri."

"Chet naweza kumwomba."

"Mjomba Chet alimvalisha Walt mbele ya padri. Atakusikiliza wewe?" Alipitisha kiganja juu ya kitambaa. "Nilikuwa nimepanga picha ya harusi niitundike juu ya hili. Mimi na Terrell madhabahuni. Wajukuu zako wataikuta." Akasema taratibu, "Sikutania, Baba. Nitageuka."

Alipoondoka Norbert alibaki na nyundo mkononi. Alimpenda binti huyo kupita kiasi, na sasa alijua la kufanya. Baba wa bibi harusi anaonekana kwa dakika ile ya kutembea tu, halafu anakaa nyuma ya nguzo na kusahauliwa. Bwana harusi yumo kwenye kila picha. Kama lazima kuku awepo, basi awe kuku wa dakika moja, na Renata akasirike, lakini ukutani pawe safi. Ilimbidi afungwe.

Kufungwa nako kuna kazi yake. Asubuhi ya Jumapili alimtoa Threlkeld kwenye kikosi chake cha wiki hiyo, akamtoa Fusilier, akajaza nafasi zao kwa wachezaji wa akiba ambao hawajawahi kukanyaga nyasi. Kwenye nafasi ya mrushaji, mahali pa Tillery, alimweka Gil Haverty. Alijipa moyo kwamba mtu anayelala kwenye benchi hawezi kukosea, atalala tu, na sifuri itapatikana.

Alipofika gereji watu wote walikuwa wamekusanyika mbele ya televisheni, Busia amewekwa kwenye kiti cha mapumziko na blanketi lake, na Chet amesimama akiwa amepigwa na butwaa mbele ya ubao wa matokeo.

"Shemeji," alisema, "nieleze. Wewe umepanga watu ambao hata mama zao hawajui wanavaa jezi gani. Na huyu Banks kaingiza uwanjani majeruhi wote. Wote. Huyu ana mguu kwenye plasta, huyu kafanyiwa upasuaji Jumanne. Hii ni mechi au ni misa ya wafu?"

Norbert akamgeukia Terrell. Terrell alikuwa amesimama kando ya jokofu, akizitazama kamba za viatu vyake.

"Wewe kijana umefanya nini?"

"Nilidhani, Mzee, haifai baba mkwe kuingia kanisani hivyo. Mbele ya mama yangu."

"Pumbavu," Norbert akasema. "Mimi nimefanya hivyo kwa ajili yako."

"Hamna haya," Chet akanguruma. "Ndani ya gereji yangu."

Basi ikawa sifuri kwa sifuri, wanaume wawili wakishindana kutopata kitu, na ingeweza kuishia hivyo kama Brock Tillery asingekuwa Brock Tillery. Mchezo haujachanganya, kamera ilimwonyesha mrushaji huyo ameinama, kashika tumbo, rangi yake imekuwa ya pilipili hoho. Akatoka mbio kuelekea chumba cha kubadilishia nguo. Mtangazaji akasema kwa heshima kwamba ni jambo la tumbo.

"Tumbo si kazi yako, ulisema," Busia akamkumbusha mwanawe, bila kufumbua macho.

Mwisho wa benchi mtu aliondoa kofia usoni, akajinyoosha, akapiga miayo. Gil Haverty akaingia uwanjani.

"Kaa chini," Norbert aliiambia televisheni. "Haverty, baba, rudi ukakae."

Haverty akarusha mpira wa kwanza. Ukaruka uwanja karibu wote ukatua kwenye kifua cha Fusilier, ambaye kwa mshtuko aliudaka. Bao. Na kwenye ligi ya gereji mrushaji wa bao naye hupata pointi zake. Mtaa wa Lagrange ukapiga kelele nyumba kwa nyumba. Haverty akarusha wa pili, bao. Wa tatu aliurusha akiwa ameegemea upande mmoja, vile vile alivyokuwa akiegemea benchi, na huo nao bao. Mzee yule aliyelala miezi yote alikuwa na mkono mbichi kuliko wa mtu yeyote, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ameupumzisha. Nungunungu walishinda kama hawajawahi kushinda, watu wazima walikumbatiana barabarani, Walt alilia. Na katikati ya sherehe hiyo shabiki wao mkubwa kuliko wote alikuwa ameshika kichwa, kila bao analipokea kama kofi. Aliwapenda Nungunungu miaka yake yote, na siku waliyomjibu wakamvalisha mkwe wake manyoya.

Chet alilitoa vazi la kuku kwenye msumari kwa mikono miwili, akamkabidhi Terrell.

Wiki iliyofuata Norbert alihangaika kila mlango. Chet alisema sheria ni sheria. Mchungaji wa kanisa la kina Banks, alipoulizwa kama kuna katazo lolote, alifikiri, akasema Mungu aliumba ndege siku moja kabla ya mtu, kwa hiyo yeye hana pingamizi. Tegemeo la mwisho lilikuwa Bi Odessa. Norbert alimkuta sebuleni kwake amelitandaza vazi juu ya meza, analipiga pasi bawa la kushoto.

"Mwanangu hatasimama mbele za watu na mabawa yenye makunyanzi," Bi Odessa alimwambia. "Na nimeshanunua kofia ya njano. Tusiongee zaidi, Bwana Kaczala."

Renata aliosha gari lake akalijaza mafuta. Hicho ndicho kilichomwogopesha baba yake.

Siku yenyewe zipu ya gauni iligoma. Dolores na wasimamizi walihangaika nayo chumba cha nyuma, na kanisani watu wakaanza kusubiri, wakasubiri, kinanda kikarudia wimbo ule ule mpaka kikachoka. Hatimaye Norbert alisimama nje ya mlango mkubwa na binti yake mkononi, ndani ya suti yake ya kijivu. Kupitia ufa wa mlango aliweza kuona njia yote mpaka mbele.

"Yupo?" Renata akauliza. Alikuwa ametazama pembeni, upande wa maegesho.

"Yupo."

"Wa njano?"

"Wa njano sana."

Renata akavuta pumzi. Mkono wake ukaanza kuchomoka taratibu kwenye kiwiko cha baba yake. Norbert aliusikia ukichomoka, akatazama tena kwenye ufa. Ndipo alipoliona jambo ambalo alilisubiri miaka miwili.

Terrell alikuwa ameketi.

Alikuwa kwenye benchi la mbele kabisa, upande wa kina Kaczala, ameketi pembeni mwa kiti kwa tako moja, kwa sababu mkia wa waya haukumruhusu zaidi. Pembeni, tako moja, mguu umesukumwa mbele kujizuia asianguke. Katika elimu yote ya Norbert hapakuwa na mkao mbaya kuliko huo. Na kwenye mbavu zake, kichwa kimezama ndani ya bawa lililopigwa pasi, Busia alikuwa amelala. Alikuwa amemwegemea kabisa, mdomo wazi, uzito wake wote umemwachia kuku. Kinanda kilipiga wimbo wa kuingia. Mchungaji alimwashiria bwana harusi asimame. Terrell akatikisa kile kishungi chekundu kwa upole, akaonyesha kwa kidevu. Hawezi. Bibi amelala.

"Baba," Renata akanongʼona, "mbona umenyamaza? Anafanya nini?"

"Amekaa."

Mkono uliokuwa ukichomoka ukasimama. Renata alikuwa amekulia kwenye nyumba ile, alijua neno hilo lina uzito gani. "Anakaaje?"

Norbert Kaczala alijaribu kujibu kama fundi, akashindwa. Machozi yalimtoka waziwazi, yakaingia kwenye kola. "Vibaya," alisema. "Anakaa vibaya sana, mwanangu. Busia amemwegemea."

"Busia haegemei mtu."

"Tazama mwenyewe."

Renata akaweka jicho kwenye ufa. Alikaa hapo kitambo, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Norbert hakujua kama analia, mpaka aliposikia ile kwikwi ya kicheko aliyokuwa nayo tangu utoto. Akausukuma mlango mwenyewe kabla ya wasimamizi.

Kuku alibaki kwenye kiti mpaka wakamfikia, na ndoa ikaanza kwa bibi harusi kuinama kumsaidia kuchomoa bawa chini ya kichwa cha bibi yake. Bi Odessa, kwenye benchi la pili, aliivua kofia yake ya njano ili walio nyuma waone.

Picha iko ukutani, juu ya kochi, na kochi lilimalizika ndani ya wiki ile ile. Ukienda kwao utapewa ulikalie, nami nimelikalia. Upande wa Renata umejaa kushoto, kwa ajili ya mguu. Upande wa Terrell ni mpana, laini, una nafasi ya mtu mwingine kujiegemeza, na kwenye maungio ya nyuma, pale mgongo unapokutana na kiti, Norbert ameacha tundu lililoshonwa kwa ustadi, la kupitisha mkia. Msimu mpya unaanza Septemba, na Terrell bado hajamtupa yule mwenye plasta.